Risiti za Mbwa Asiyekuwepo

Kila Jumamosi asubuhi Wakili alibeba sanduku la sufuria, akamfuata Shangazi yake kutoka nyumba moja hadi nyingine. Jina hilo la Wakili alipewa na majirani kwa sababu hakuwahi kuacha neno lipite bila kulijibu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na ni Shangazi huyo aliyemlea tangu akiwa mdogo.

Shangazi aliuza sufuria za kampuni moja kubwa. Hakuwa na duka wala meza sokoni. Aliingia sebuleni kwa mtu, akawakuta akina mama wamekusanyika, akawasha jiko dogo la gesi na kuvunja yai kwenye kikaango kisicho na hata tone la mafuta. "Tazameni, dada zangu! Halishiki!" Yai liliteleza, akina mama wakapiga makofi, na wawili watatu wakaagiza. Kwa kila sufuria iliyouzwa kampuni ilimpa kamisheni, na kamisheni hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na Wakili.

Aliyemwingiza Shangazi katika kazi hiyo alikuwa mwanamke aliyejiita Almasi. Cheo hicho alipewa na kampuni, pamoja na beji ya plastiki aliyoivaa hata akienda kununua mkate. Almasi alijua kila kitu. Usipomuuliza, alikwambia. Hata mkiwa watatu tu jikoni, alizungumza kama anahutubia uwanja mzima. Ushauri wake ulikuwa wa bure, na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa bei yake halali.

Ulipokaribia wakati wa kutoa hesabu za kodi ya mapato, Shangazi alianza kukosa usingizi. Kampuni haikumwajiri, alijitegemea. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumkata kodi kila mwezi kama anavyokatwa mwalimu au nesi. Alitakiwa ajumlishe mapato yake mwenyewe, atoe gharama alizotumia kufanya kazi, kisha alipe kodi ya faida iliyobaki.

"Mwaka mzima sikuweka kitu pembeni," alimwambia Almasi. "Na risiti sina hata moja."

Almasi alicheka mpaka beji ikatikisika. "Risiti ndiyo ikunyime usingizi, mdogo wangu? Nenda pale supamaketi. Watu wananunua, wanazitupa mlangoni. Okota! Risiti haina jina la mtu. Gharama zikiwa nyingi, faida inaisha, na kodi inakufa yenyewe. Mimi ndivyo nifanyavyo."

"Lakini vitu hivyo sisi hatukuvinunua," alisema Wakili.

"Mtoto huyu mdomo umemzidi kimo," alisema Almasi bila kumtazama.

"Wakili, hebu nyamaza," Shangazi alidakia. "Wakubwa wanaongea."

Wakubwa gani hao! Jioni ile mtu mzima na akili zake, kitambaa kizuri kichwani, alikuwa akiinamia ndoo ya taka mlangoni mwa supamaketi huku akiwachekea walinzi. Wakili aliambiwa asaidie. Alikunja mikono, akabaki ng'ambo ya barabara akiona aibu kwa niaba yake. Shangazi aliokota peke yake, za supamaketi na za maduka ya jirani, mpaka mkoba ukavimba. Hakusoma hata risiti moja. Alijumlisha tarakimu za chini tu, akajaza fomu ya kodi, akaituma, akalala fofofo.

Haukupita muda mrefu ofisi ya kodi ikampigia simu: afike na risiti zake zikaguliwe. Shangazi alimpigia Almasi. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena, akamwandikia na ujumbe kwamba ameitwa ofisi ya kodi. Yule mwenye majibu ya kila swali alikuwa ameingia mitini.

"Twende wote," Shangazi alimwambia Wakili siku ya kwenda. "Ukiulizwa, niunge mkono. Wakinipiga faini kubwa, mtaji wa sufuria umekwenda na kazi imekwisha. Tutakula nini?"

Wakili alivaa viatu, akatangulia mlangoni.

Afisa waliyemkuta alikuwa mama mwenye miwani, na meza yake ilikuwa chini ya feni iliyokuwa ikilalamika. Alizipanga zile risiti mojamoja, akaanza kusoma.

"Matairi ya lori. Sufuria zako unazisambaza kwa lori?"

"Mara... mara mojamoja."

"Sabuni ya kunyolea ndevu."

Shangazi alijishika kidevu bila kujua.

"Dawa ya minyoo ya mbwa."

"Mbwa wa ulinzi!" Shangazi aliropoka. "Analinda sufuria. Mkali huyo! Muulize mtoto huyu, ndiye anayemlisha."

Wakili alimtazama. Mwanamke aliyeweza kuifanya sebule nzima ipige makofi sasa alikuwa anatokwa jasho kwa ajili ya mbwa wa kubuni. Wakili alimwonea hasira, na aliogopa pia, maana alijua neno lake moja lingeweza kuwamalizia riziki.

"Hatuna mbwa, mama," alisema. "Na lori hatuna. Risiti hizi ziliokotwa supamaketi."

Shangazi alifunika uso kwa viganja. "Ni kweli," alisema hatimaye. "Nimedanganya. Na mtoto alinikataza."

Afisa alivua miwani. "Kila mwaka wanakuja hapa na makaratasi ya jalalani, na kila mmoja anadhani ujanja huo ameugundua yeye. Sikiliza, dada. Ukiung'ang'ania uongo huu, ni kesi. Ukiurekebisha mwenyewe leo, utalipa kodi yako halisi na faini ndogo, na unaweza kulipa kidogokidogo. Sasa nitajie gharama za kweli."

"Za maana sina."

"Mayai," alisema Wakili.

"We Wakili! Usituaibishe."

"Kila onyesho anavunja mayai. Kuna gesi, nauli ya pikipiki, na vocha za kuwapigia wateja. Vyote analipa kwa simu."

"Hizo ndizo gharama za kazi!" Afisa alimkazia macho Shangazi. "Yaani mayai yako unayaonea haya, lakini minyoo ya mbwa wa watu umeiandika bila haya?"

Walifungua simu ya Shangazi na kupitia ujumbe wa malipo. Gharama iliyokuwa na ushahidi iliandikwa; isiyo nao iliachwa. Kodi iliyobaki iliuma, lakini mtaji ulipona.

Walipofika nje, simu iliita. Alikuwa Almasi.

"Vipi, wamekuamini?"

"Hapana. Wamemwamini mtoto."

"Lakini hukunitaja?"

Shangazi alikata simu. Alikaa kwenye ngazi za ofisi, akamvuta Wakili karibu naye.

"Mwanangu, nilizidharau gharama zangu za kweli, nikaenda kuokota za watu. Tangu leo kila kamisheni ikiingia, kodi inawekwa pembeni kabla hatujanunua hata chumvi, na risiti zetu wenyewe zinatunzwa." Alimgeukia. "Na wewe, mtu mzima yeyote akikufundisha uongo, hata nikiwa mimi, muulize kwanza kama siku ya kuulizwa atakuja kukaa kwenye kiti kile mbele ya afisa pamoja nawe."