Pua ya Elieza

Soko la Bukoba lilijaa matope na watu, na Immakulata alikuwa amechoshwa na vyote viwili. Pindo la gauni lake la kitenge cha kijani lilikuwa limelowa. Alikuwa fundi wa mikoba, umri umeshasogea. Wanaume wawili alishawaacha, na wa tatu alimuwahi kumwacha. Kwenye kibanda cha ngozi akakuta jibaba refu, shati limepigwa pasi upande mmoja, limezamisha pua kwenye ngozi kama linabusu.

"Baba, unanunua au unakula?"

"Nanusa, mama." Hakuinua kichwa. "Nakata kwa mashine ya leza. Ngozi bandia ya plastiki ikiingia mle inatoa moshi wa sumu. Iliyotengenezwa kwa dawa kali za kiwandani nayo siitaki. Natafuta iliyolainishwa kwa magome ya miti, unene sawasawa."

"Na mke unamchagua hivyo hivyo?"

Ndipo alipoinua kichwa. "Sina nguvu za kuchagua. Nimechoka."

Wengine hupatikana kwa maua. Immakulata alipatikana kwa neno hilo.

Yeye na Elieza, ndilo jina la jibaba lile, walianza kupigiana simu jioni.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula ndizi za jana. Wewe?"

"Nimesahau."

Kisha mkoromo. Hakuna aliyekubali kuwa ndiye aliyeanza. Mapenzi ya watoto hukesha. Haya yalilala mapema, na yakanenepa.

Immakulata akampeleka kwao Kishanda, kule Muleba. Baba yake, Mzee Lwakatare, alifurahi hata akampa ngozi ya fahali wake, aliyoilainisha mwenyewe kwa magome. Elieza akainusa, akaisifu. Kisha ikaletwa kahawa ya kutafuna. Mzee akatafuna punje ya kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue haina kitu kibaya. Elieza akapokea yake, na ile pua, iliyokwisha kuzoea kazi, ikashuka yenyewe. Akainusa. Tena kwa makini.

Mama mtu akaweka kikapu chini. Mzee akasema taratibu, "Anatafuta sumu, waitu, jamani."

Walipofika mjini Immakulata akasema neno moja tu: "Usinipigie."

Alipiga. Simu haikupokelewa. Jioni zikawa ndefu, na Elieza akagundua kuwa peke yake hata usingizi hauji.

Basi akaikunjua ngozi ya mzee. Akabandika utepe wa karatasi juu yake isiungue madoa, akajaribu moto wa leza kwenye kipande cha pembeni, akakata polepole mapambo ya majani ya mgomba kuizunguka. Akafuta masizi kingoni kwa kitambaa chenye unyevu, akaikausha kivulini, akaipaka mafuta, kingo akazisugua kwa nta. Akaishona kuwa kifuko cha kutia kahawa.

Kishanda alifika viatu vimejaa vumbi. Immakulata, aliyekuwa amerudi kwa wazazi wake, alikuwa uani, kanga mabegani, macho mazito.

"Umefuata nini?"

"Nimeleta kazi ya mzee."

Mzee Lwakatare akakipokea kifuko. Akakigeuza. Halafu, bila haraka, akakiinua puani akanusa, ndani na nje, akimtazama Elieza usoni.

"Hakinuki moshi," akasema. "Kahawa yangu haitaharibika."

Akamimina kahawa ndani, akatafuna punje moja, akamnyooshea mgeni kifuko. Elieza akabana pua yake kwa vidole viwili, akatupia punje mdomoni, akatafuna hivyo hivyo, macho yakimtoka.

Mama mtu ndiye aliyeanza kucheka.

"Achia pua, utakufa kabla hujaoa," Immakulata akasema.

"Kwani nitaoa?"

Immakulata akasogea, akaketi kwenye mkeka kando yake, akamwegemea bega kama mtu aliyetua mzigo.

"Kukukasirikia kunanichosha, Elieza. Bora nichoke nikiwa kwako."

Elieza alikuwa ameshaanza kukoroma.