Nati ya Gurudumu la Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajanywa hata chai, mama yake Chiriku alitoka nje kuikagua pikipiki yake. Aliizunguka, akainama kuchungulia chini ya injini, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Kisha alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akaanza kuisema kama mtu anayemsema mkwe aliyehamia jana.

"Unawaka kwa mguso mmoja, hapo nakupenda. Kilima unakipanda na mzigo bila kulalamika, hapo pia nakupenda. Lakini kiti chako kikipigwa na jua kinachoma kama kikaango. Honi yako ina mafua. Na geji yako ya mafuta ni mwongo mkubwa, siku zote inasema tangi limejaa."

Chiriku, aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni, alicheka mpaka povu likamtoka puani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya kusema kutwa nzima bila kuchoka.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya ukubwa wa kati. Haikuwa kidude chepesi cha kuinuliwa na mtu mmoja, wala dubwana la kutikisa vioo vya madirisha. Ilikuwa imetumika miaka mingi, na rangi nyekundu ya tangi ilikuwa imefifia pale magoti ya mmiliki wa kwanza yalipokuwa yakigusa.

Mama alihitaji chombo imara, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba. Mtaa mzima ulimwita Mama Mita. Kazi hiyo ilimfundisha kutomwamini mtu upesi. Alishakuta mita zimefunikwa kwa magunia, mita zilizopandiwa maua juu yake, na nyingine iliyofungiwa mbwa mkali makusudi ili asiisogelee.

"Mtu akikuchekea sana mlangoni," alimwambia binti yake, "angalia kwanza amesimama mbele ya kitu gani."

Aliyemuuzia pikipiki alikuwa karani mstaafu wa mahakama, aliyeishi mtaa wa pili. Watu walimwita Mzee Koti, maana koti lake halikuvuliwa hata jua liwe kali vipi. Goti lilikuwa limeanza kumsumbua, na watoto wake walimkataza kuendesha. Siku ya kuuza, yeye mwenyewe ndiye aliyetaja mazuri na mabaya ya pikipiki ile, kuanzia kiti cha moto hadi honi ya mafua.

Mama alirudi nyumbani akiwa na furaha, lakini roho haikutulia.

"Muuzaji gani anaisema vibaya bidhaa yake mwenyewe?" aliuliza huku akipanga vikombe kabatini. "Kuna jambo hapa."

"Labda ni mtu mwema tu, mama," Chiriku akasema.

"Labda," mama akajibu, kwa sauti ya mtu asiyeamini hata kidogo.

Haukupita muda, shaka zake zikapata chakula. Kila siku mchana, akitoka kwenye mita, mama aliiegesha pikipiki kwenye kichochoro kando ya nyumba, akaifunika turubai, akatembea kwa miguu kwenda ofisini kupeleka hesabu zake. Jioni moja aliporudi, alisimama pale kichochoroni bila kusogea.

"Chiriku! Nani amegusa turubai hili?"

"Si mimi, mama."

"Fundo langu huwa naliweka upande wa ukuta. Hili liko upande wa njia. Na tofali nililoweka mbele ya gurudumu limesogezwa."

Alimulika, akanusa, akapapasa. Hakuna kilichopotea. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, maana mwizi anayechukua kitu unamwelewa, lakini anayefungua, akafunika tena na kwenda zake anataka nini?

Kuanzia siku ile Chiriku akapewa zamu. Akitoka shule, alitakiwa akae kwenye dirisha la jikoni, macho kichochoroni, mpaka mama arudi.

Siku ya kwanza alikaa. Siku ya pili rafiki yake wa nyumba ya jirani alimpigia mluzi kutoka uwanja wa nyuma ya ghala. Mashindano ya kuruka kamba ya shule yalikuwa yanakaribia, na wao wawili walikuwa kwenye timu. Chiriku alikitazama kichochoro, akaitazama kamba iliyoning'inia begani mwa rafiki yake, na miguu ikajichagulia yenyewe.

"Umeona mtu leo?" mama aliuliza jioni.

"Sijaona mtu, mama," Chiriku akajibu. Na kweli, hakuona mtu. Angemwonaje naye hakuwepo?

Fundo lilikuwa upande wa njia tena. Mama alilitazama fundo, kisha akamtazama binti yake.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka siku ambayo kamba ilikatika wakiwa mazoezini, Chiriku akarudi mapema, kipande cha kamba mkononi. Alipokata kona, alimkuta Mzee Koti amepiga goti moja nyuma ya pikipiki, turubai limekunjwa pembeni, spana mkononi.

Neno "mwizi" lilimfika mdomoni. Lakini malezi ni malezi, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Shikamoo," akasema.

Mzee alishtuka, spana ikaanguka ikilia kwenye saruji. "Marahaba, mjukuu wangu."

"Unafanya nini na pikipiki ya mama?"

"Nimekuja kuiaga tu. Nimekaa nayo miaka mingi, unajua."

"Unaiaga kwa spana?"

Mzee Koti alijifuta jasho kwa mkono wa koti. Hakuonekana mkali. Alionekana mtu aliyebanwa na jambo. Kisha akainua macho. "Na wewe, mbona kila nikija sikukuti dirishani? Mama yako ameuambia mtaa mzima kwamba ameweka mlinzi."

Chiriku aliificha kamba mgongoni.

"Basi tufanye hivi," mzee akasema taratibu, akifunga turubai. "Wewe hukuniona. Na mimi sijui habari za kuruka kamba."

Chiriku aliitikia kwa kichwa kabla hajafikiri. Mzee akaondoka akichechemea.

Jioni mama akauliza swali lilelile.

"Sijaona mtu mgeni," Chiriku akajibu. Mzee Koti hakuwa mgeni. Alimjua tangu akiwa mdogo.

"Mbona leo huna maneno?"

"Jino linaniuma."

Mama alimtazama kwa muda mrefu, jicho lile la kutafuta mita chini ya gunia. Chiriku aliogopa. Aliamini mzee anang'oa vitu kidogo kidogo, leo hiki, kesho kile. Lakini akimtaja, naye angetajwa, na kamba ingekuwa ndiyo kwaheri.

Kwa kuwa hakupata jina, mama alijitafutia la kwake. Shaka zake zilimwangukia fundi viatu aliyekuwa na kibanda upande wa pili wa ukuta. Mtu huyo aliwahi kulalamika kwamba mlio wa pikipiki unamharibia usingizi wa mchana.

"Wewe una vifaa," mama alimwambia mbele ya wateja wake wawili. "Anayechezea pikipiki ana spana. Yako iko wapi?"

"Spana?" Fundi viatu aliinua mikono. "Nina nyundo, sindano na gundi, mama. Spana ni ya nini kwenye kiatu?"

"Nitakukamata tu."

Fundi viatu akainamia kiatu chake. Alikuwa mtu wa utani, aliyemshonea Chiriku mkanda wa begi bila kumdai kitu. Kesho yake Chiriku alipopita na kumwamkia, aliendelea kupiga misumari kama hakusikia. Chiriku alikwenda shule macho yakimwasha. Aliona aibu, na aibu ile ilikaa naye darasani siku nzima.

Kisha jambo la ajabu likatokea. Fundo likaanza kukaa mahali pake, upande wa ukuta, siku baada ya siku. Tofali halikusogea.

"Nimemkomesha!" mama alisema akijipigapiga kifuani. Lakini haikupita wiki, asubuhi moja akazima injini ghafla na kuinamisha sikio. "Kuna mlio nyuma. Kwa-kwa-kwa, kama cheni inapiga kitu. Hili silipendi kabisa. Jumamosi nitaipeleka gereji."

"Na kesho?"

"Kesho nasoma mita za bondeni. Nitateremka ule mteremko taratibu."

Chiriku aliujua mteremko ule. Ulikuwa mrefu, una kona kali katikati, na chini yake kulikuwa na daraja jembamba lisilo na kingo.

Jioni ile hakuweza kula vizuri. Alikuwa akiunganisha mambo kichwani. Mzee Koti alipokuwa akija na spana yake, pikipiki ilikwenda kimya. Sasa haji, na pikipiki inapiga kelele. Mtu anayelegeza vitu akiacha kuja, vitu haviwezi kuzidi kulegea. Basi mzee hakuwa analegeza. Alikuwa anakaza! Na kama alikuwa anakaza kila mara, maana yake kuna kitu kisichokaa kikikazwa.

Asubuhi mama alikuwa ameshavaa helmeti, injini inanguruma, Chiriku alipotoka mbio na kusimama mbele ya taa ya pikipiki.

"Mama, usiende!"

"Toka njiani, mwanangu, nachelewa."

"Mzee Koti ndiye aliyekuwa anafungua turubai. Nilimwona na spana, pale nyuma. Na siku nyingine sikumwona kwa sababu sikuwepo, nilikuwa naruka kamba. Sasa haji tena, na mlio umeanza. Mama, tazama gurudumu kwanza!"

Yote yalimtoka kwa pumzi moja. Mama alizima injini. Alishuka, akapiga magoti nyuma, akashika ile nati kubwa inayozuia ekseli, chuma kinacholishika gurudumu, isichomoke. Haikuhitaji spana. Ilizunguka kwa vidole viwili, kama kizibo cha chupa.

Mama aliketi chini palepale, helmeti kichwani, nati kiganjani.

Walitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa Mzee Koti. Walimkuta amelala kwenye kochi, goti limevimba na kufungwa kitambaa, koti mwilini. Mama alifungua kiganja. Mzee alipoiona nati, alifunika uso.

"Umeanguka?" akauliza.

"Sijaanguka. Mtoto huyu amenizuia."

"Ekseli imelika pale nati inaposhika," mzee alisema kwa shida. "Ukikaza leo, baada ya siku chache imelegea. Ni ya muundo wa zamani, madukani hakuna. Nimemwagiza mpwa wangu, bado anaitafuta. Nilikuwa nakuja kukaza nikisubiri ifike. Tangu goti livimbe sijalala, mama, nakusikia tu ukipita."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliwaambia watu watatu kabla yako. Wote waliondoka. Wewe nilikuona umeipenda."

"Pengine na mimi ningeondoka," mama akasema. "Au ningeinunua nikaiweka ndani mpaka ekseli ipatikane. Lakini ningechagua mimi. Ulinitajia mabaya madogo madogo, honi na kiti na geji, nikadhani umemaliza. Yote uliyosema yalikuwa kweli, na bado yangenitupa darajani."

Kisha akamgeukia binti yake. "Na wewe? 'Sijaona mtu. Sijaona mtu mgeni.' Kweli tupu! Mmefanana nyinyi wawili. Mtu akikuuliza, hahitaji maneno ya kweli tu. Anahitaji kile anachokitafuta. Ukikijua ukakipindisha, umemdanganya, hata kama kila neno ni safi."

Chiriku alilia, na Mzee Koti naye akatoa leso mfukoni mwa koti. Mama hakuwabembeleza, lakini hakuondoka pia. Alisubiri wamalize.

Wakiwa njiani kurudi, walipita kwenye kibanda cha fundi viatu. Mama alisimama mbele ya wateja wake, kama alivyosimama siku ile ya kumshutumu.

"Nilikushuku bure," alisema. "Nilikuona una nyundo na lalamiko, nikatosheka. Nisamehe, ndugu yangu."

"Na mimi nilijua si wewe, nikanyamaza," Chiriku akasema. "Shikamoo."

Fundi viatu aliwaangalia, akapiga msumari mmoja, kisha akatabasamu. "Marahaba. Ila spana sina mpaka leo, msije mkaniazima."

Pikipiki ilikaa ndani mpaka ekseli ilipopatikana, na mama akasoma mita kwa miguu. Ilipofika, Mzee Koti aliileta mchana kweupe, akabisha hodi mlango wa mbele. Aliketi kwenye kigoda akielekeza, mama akakaza mwenyewe. Kabla hajaondoka, mzee alitakiwa ataje tena sifa za pikipiki, mazuri yote na mabaya yote. Safari hii alikumbuka mpaka kioo cha kushoto kinachotikisika ukienda kasi.

Mama alimrudisha binti yake kwenye zamu ya dirishani, akisema kwamba kwenye mtaa huu huwezi kujua. Jioni moja alirudi kutoka ofisini, akalikagua fundo, akaingia jikoni.

"Umeona mtu leo?"

Chiriku alivuta pumzi. "Sijaona, mama, kwa sababu sikuwepo. Rafiki yangu alinipigia mluzi, nikaenda kuruka kamba. Nimerudi sasa hivi tu."

Mama aliweka mikono kiunoni, akamzunguka kwa macho kuanzia nywele hadi viatu vyenye vumbi.

"Umeacha zamu, hapo sikupendi," alisema. "Umesema mwenyewe, tena yote, hapo nakupenda. Sasa kaoshe vyombo."