Kikundi Kimehamia

Kila Alhamisi baada ya masomo, Kidoti alipitia kwa mama fundi kupanga viti. Mama fundi alikuwa mshonaji. Siku hiyo alisukuma cherehani zake mbili ukutani, akafagia vipande vya vitambaa, na chumba cha kushonea kikawa kanisa. Viti vilikuwa sita, benchi moja, na ndoo iliyopinduliwa ambayo Kidoti na Twiga, binti wa mama fundi, waliigombea kila wiki kana kwamba ni kiti cha mfalme. Kidoti aliitwa hivyo kwa alama yake shavuni, Twiga kwa miguu yake mirefu. Tangu darasa la kwanza walikuwa chanda na pete.

Walikuwa watu kumi na mmoja. "Akija wa kumi na mbili tu," mama fundi alikumbusha, "kikundi kinazaa. Wa upande huu watabaki hapa, na wa ng'ambo ya reli wataanza nyumba nyingine. Kanisa letu halikui kwa kuongeza mabenchi, linakua kwa kuongeza nyumba."

Kidoti alichekelea, maana wa kumi na mbili alimjua. Tangu babu azikwe, bibi yake, aliyeishi naye ng'ambo ya reli, alikuwa hatoki nyumbani. Kidoti alimbembeleza mwaka mzima, mpaka bibi akasema, "Haya, nitakuja niwaone hao wanaokufanya uimbe hadi jikoni." Kidoti alimwambia Twiga kabla ya mtu mwingine yeyote. Twiga akatabasamu kwa midomo tu, lakini Kidoti, kwa furaha yake, hakuliona hilo.

Alhamisi iliyofuata Kidoti alikuwa na zamu ya kufagia darasa, akachelewa. Alipoingia akihema, wimbo wa kwanza ulikuwa umekwisha, na bibi hakuwemo.

"Bibi hajafika?" alinong'ona.

"Sijamwona," Twiga alijibu, akipanga vitabu vya nyimbo ambavyo vilikwisha kupangwa.

Baada ya maombi Kidoti alitimua mbio hadi nyumbani. Bibi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni lake zuri limekunjwa kando, viatu vyake vimejaa vumbi.

"Bibi, mbona hukuja?"

"Nilikuja. Yule binti mrefu alinikuta mlangoni, akaniambia, 'Kikundi kimehamia, bibi, wala sijui wapi.' Na huko ndani nasikia watu wanacheka. Mjukuu wangu, mimi ni mzee lakini si kiziwi. Nilielewa kwamba sitakiwi."

Bibi angetendwa hivyo na mtu baki, Kidoti angekasirika tu. Lakini Twiga! Kidoti alirudi mbio njia ile ile, akamkuta Twiga akiokota pini sakafuni.

"Umemfukuza bibi yangu!"

Twiga hakubisha. "Angeingia tungefika kumi na wawili, nawe ungekwenda na wa ng'ambo. Na ulikuwa unachekelea! Wewe ndiye uliyeanza kuniacha."

"Nilikuambia wewe peke yako," Kidoti alisema, machozi yakimtiririka. "Kumbe nilikuwa nakupa fimbo ya kumchapia bibi yangu."

Mkasi wa mama fundi ulinyamaza. "Twiga," alisema, "vaa viatu."

Walivuka reli watatu. Kwa bibi, Twiga alipiga magoti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi aliitikia bila kuinua macho.

"Bibi, nilikudanganya. Kikundi hakikuhama. Nilitaka Kidoti asihame. Nisamehe."

Bibi alikitazama kiti cha babu, kilichokaa mwaka mzima bila kukaliwa. "Mimi sitembei tena mwendo ule kwenda kufungiwa mlango," alisema hatimaye. "Uliniambia kikundi kimehamia. Basi na kihamie hapa, tuufanye uongo wako uwe kweli."

Mama fundi alimshika binti yake bega. "Umesikia? Ulitaka kumshika rafiki kwa kumfungia mtu mwingine mlango. Ungesema ukweli, ungelia kidogo, nasi tungekubembeleza. Uongo umemdhalilisha bibi, na Kidoti itamchukua muda kukuamini tena. Usimharakishe."

Bibi akawa wa kumi na mbili, na kikundi kikazaa. Alhamisi iliyofuata, kabla watu wa nyumba mpya hawajafika kwa bibi, Twiga alivuka reli na ndoo kichwani.

"Bado nimekukasirikia," Kidoti alimwambia.

"Najua. Nimekuletea ndoo tu, kisha narudi kwetu kwenye maombi."

Kidoti alinyoosha kidole ndani. "Iweke pale, karibu na kiti cha babu," alisema.

Lakini kiti cha babu hakikuwepo mahali pake. Bibi, akiwa ndani ya gauni lake zuri, alikuwa amekiburuta hadi kizingitini, akakikalia.

"Leo mlangoni nakaa mimi," alisema.