Mpangaji wa Stoo ya Mwisho

Stoo ya mwisho haikuwa na kufuli. Masasi mjini, ambako watu hufungia hata ndoo ya maji, mlango mmoja katika safu nzima ya stoo za kupangisha ulikaa na komeo tu, na hakuna mwizi aliyewahi kuugusa. Mwalimu mstaafu Lois aliliona jambo hilo siku ya kwanza alipokwenda kuitazama safu hiyo ainunue, akalipita. Macho Mungu humpa kila mtu. Akili ya kuyatumia ni juu yako.

"Humu amepanga nani?" alimuuliza mwenye mali, Mzee Awadhi.

"Yupo mtu."

"Anaitwa nani? Anahifadhi nini? Nifungulie basi nione."

"Utamjua ukishanunua, mwalimu. Halipi, lakini hasumbui."

Hakufungua. Ila bei ilikuwa ya kutupa.

"Mama Queen, usiuziwe mbuzi kwenye gunia," mumewe, Anderson, alimsihi. "Shamba la mikorosho la Lukuledi ndilo pekee tulilobakiwa nalo." Lois akaliuza shamba, akanunua stoo.

Asubuhi alipokabidhiwa alikuta kizingitini pa stoo ile unga wa mtama, umerundikwa ukachongoka vizuri, haujaguswa hata na kuku. Aliujua. Bibi yake alikuwa akiwawekea wahenga unga wa namna hiyo. Lakini Lois alikuwa mzee wa kanisa, akaona aibu wapangaji wasije wakamfikiria vibaya. Akachukua fagio, akaufagilia barabarani.

Alipoinua kichwa, komeo lilikuwa limefunguka. Ndani palikuwa patupu.

Ilianza harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, na mtaani hapakuwa na moto. Kisha wapangaji wakasikia, mchana kweupe, magunia yakiburutwa ndani ya vyumba walivyovifunga wenyewe, wakafungua wakayakuta pale pale, ila lile la juu limebonyea kama limekaliwa na mtu, na ukiliwekea mkono ni la moto, nao wakaanza kuhama mmoja mmoja, bila kuaga, mpaka safu nzima ikabaki haina hata gunia.

Lois akamwendea Mzee Awadhi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenunua?" Mzee alinong'ona, akichungulia nyuma ya mgeni wake. "Ni jini. Mganga wa baba yangu alimfungia mle. Ule unga ndio uliokuwa kufuli. Hata siku ya kukukabidhi niliamka nikamwekea."

"Mrudishe basi, mzee wangu, nakuomba!"

"Harudi. Anahamia kwa aliyemfungulia."

Lois alikimbia hadi nyumbani. Anderson alikuwa nje, amekaa chini juani, na dirishani ilitoka ile harufu ya maganda. Shamba la kukimbilia hawakuwa nalo tena.

"Mama Queen," alisema kwa sauti ya chini, "mgeni wako yuko chumbani kwetu. Nimemuuliza jina, anasema utamjua. Anasema halipi, lakini hasumbui."