Mama Zawadi Alikuwa Mwanaume, na Aliyemwingiza ni Mimi

Nina miaka ishirini na sita, nina mtoto mmoja wa kike, na nakaa Manundu hapa Korogwe. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Hilo la shule nalitanguliza makusudi, asije akatokea mtu wa kunitetea kwamba sikujua nilichokuwa nafanya. Nilijua! Sikutaka tu kukiangalia vizuri.

Msinipe pole kwanza. Mkimaliza kusoma mtaamua wenyewe kama nastahili.

Kuna mtandao mmoja wa kina mama. Jina lake halisi nalihifadhi, tuuite Uwani. Humo ni wanawake watupu, wanaume hawaruhusiwi, na mimi nilikuwa msimamizi wa kikundi cha wazazi wapya wa Korogwe na Handeni. Tulikuwa na sheria moja kubwa. Mgeni haingii mpaka mwenyeji mmoja aandike mbele ya wote: "Namjua, nimembebea mwanawe." Nani anaachiwa kubeba kichanga cha mtu asiyemjua? Ukishaandika maneno hayo umemaliza, hakuna atakayeuliza tena.

Basi, akaja Frank.

Frank alikuwa afisa masoko wa kampuni moja ya unga wa lishe, ule wanaosema unamwongezea mzazi maziwa. Alikuja na gari la spika, akatangaza sokoni siku tatu mpaka sauti ikamkauka... wapi! Wanawake walikuwa wanampita kama wanapita nguzo ya umeme. Siku ya nne akanikuta kwenye kibanda changu cha vitenge nacheka na simu. Akauliza nacheka nini. Na mimi, mdomo wangu huu, nikamwonyesha!

Alisoma muda mrefu. Kisha akaniambia kitu ambacho mpaka leo kinanichoma. "Dada Hadija, nyie hapa mnaona mnapiga soga. Mimi naona shamba limekomaa na hakuna mvunaji."

Nilicheka! Nikaona kijana ana akili. Akaendelea kunieleza kwamba mwanamke hasikilizi tangazo, anamsikiliza mwanamke mwenzake aliyelia kabla yake. Akasema yeye kama mwanaume akijiandikisha atatimuliwa kabla hajakaa. Lakini nikimsaidia kuingia kwa jina la kike, atajifunza tu kina mama wanahitaji nini, na kampuni itanifanya balozi wake wa wilaya mbili. Akaniachia simu mpya kwenye boksi lake.

Balozi! Mimi muuza vitenge! Nyie mngefanyaje? Najua, mngekataa. Mimi sikukataa.

Tukamtunga mtu anaitwa Mama Zawadi, mzazi wa siku kumi. Mara ya kwanza Frank aliandika, "Habari za jioni wanajukwaa, naomba kuuliza kuhusu changamoto za unyonyeshaji." Nikacheka mpaka nikaegemea meza. Nikamwambia, "Wewe! Mzazi wa siku kumi anaongea kama mwenyekiti wa kijiji? Andika hivi: Jamani wenzangu, chuchu zimepasuka, mtoto analia, mama mkwe ananuna... nilie au ninyamaze?"

Akafungua daftari akaandika. Nikamfundisha lini mzazi anatania na lini anakata tamaa. Nikamfundisha tunavyoandika siku maziwa yamegoma, na tunavyopoozana. Alikuwa mwanafunzi mzuri... mzuri kupita kiasi.

Kisha nikaingia Uwani nikaandika kwa mkono wangu: "Huyu ni wa kwetu. Namjua, nimembebea mwanawe." Mtoto gani? Hakukuwa na mtoto!

Sasa nije kwenye kidonda chenyewe.

Nina mdogo wangu wa tumbo moja, Mwajuma. Ameolewa Mkata, na mumewe ni utingo wa lori, anaweza kukaa barabarani wiki tatu. Mwaju alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, Shabani, na arobaini yake aliikalia kwa mama mkwe. Yule mama ni mtu wa kufuata mila sawasawa. Hata mwanawe aliporudi safari alimlaza chumba cha nje mpaka siku zitimie.

Mwaju alikuwa mpweke. Akinipigia simu nasikia sauti yake imesinyaa kama ya mgonjwa, lakini nikimuuliza anasema hajambo. Mimi ndiye niliyemlea baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo mbele yangu alitaka aonekane ameweza. Siku moja nikamwambia... Mungu anisamehe... nikamwambia, "Kama unaona aibu kwangu, mweleze Mama Zawadi. Ana moyo yule."

Kwa nini nilisema vile? Nimejiuliza mara elfu. Nadhani uongo nilikuwa nimeuzoea hadi nikauona mtu.

Wakawa wanaandikiana faragha, kila siku. Mwaju aliununua ule unga, akaunywa, haukumfanyia lolote. Lakini akamzoea Mama Zawadi kama pacha wake. Akamtumia picha yake akiwa amekaa kitandani na Shabani mapajani. Na siku moja akamwandikia jambo ambalo hajawahi kumwambia binadamu mwingine. Kwamba asubuhi moja, mtoto akilia bila kunyamaza, alimlaza kwenye shamba la mahindi nyuma ya nyumba akaondoka. Alienda kama hatua ishirini, kisha akarudi mbio, akamkumbatia, akalia mpaka kanga ikalowa.

Mama Zawadi akamjibu, "Pole mdogo wangu. Hata mimi yalinikuta."

Yalimkuta wapi? Yalimkuta kwenye chumba cha gesti, mwanaume mzima mwenye ndevu, soda mkononi? Shetani yule!

Baada ya wiki chache tangazo likatoka. Lilikuwa video fupi. Sauti ya mwanamke inasoma maneno ya Mwaju, neno kwa neno, yale ya mahindi na zile hatua ishirini, na chini pameandikwa "Mama mmoja wa Mkata." Halafu eti baada ya unga ule akampenda mwanawe! Picha ilikuwa ileile ya kitandani aliyomtumia Mama Zawadi. Sura walikuwa wameifunika ukungu, lakini kanga ilionekana, pazia la chumba lilionekana, na mtoto hawakumficha kabisa.

Wifi yake aliliona kwenye simu akiwa stendi ya Mkata anauza mihogo ya kukaanga. Aliuacha moto unawaka, akakimbia nyumbani kumwonyesha mama yake. Mchana huohuo wakamchukua Shabani, mtoto wa miezi mitatu anayenyonya, wakampeleka kwa shangazi yao huko ndani Handeni. Mama mkwe akasema hawezi kulala nyumba moja na mwanamke anayetupa watoto porini.

Mwaju akanipigia anapiga mayowe. "Dada, nani kawaambia? Nilimwambia Mama Zawadi peke yake! Dada, wewe unamjua, mpigie, muulize!"

Na mimi nilijibu nini? Nilisema labda Mama Zawadi ameibiwa simu.

Wasomaji, kumwingiza Frank lilikuwa kosa la tamaa. Lakini uongo huu wa pili nauita uuaji. Niliuendeleza siku tisa! Siku tisa mdogo wangu anakamua maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga kwenye shina la mgomba, kwa sababu kwetu maziwa ya mzazi hayamwagwi pa kukanyagwa. Siku tisa ananiuliza, "Amepokea Mama Zawadi?" Mimi nasema bado.

Nilimpigia Frank, nikamtukana matusi yote ya Kizigua niliyorithi kwa bibi. Akaniacha nimalize, akasema kwa upole, "Dada, jina halikutajwa. Tena tangazo limependwa sana." Nilipomwambia mtoto amechukuliwa akasema, "Lakini mlango ulinifungulia wewe." Kesho yake akaliondoa, lakini lilikuwa limeshazagaa kila mahali. Namba yake haikupatikana tena.

Na alisema kweli. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kampuni nilikwenda kuilalamikia, lakini nikiwa njiani nilijua ninachokitafuta ni mtu wa kumtupia lawama.

Siku ya kumi nilimbeba mwanangu nikapanda basi la Mkata. Nilimkuta Mwaju amekonda, kifua amekifunga kwa kitambaa. Sikuweza kumweleza peke yake. Niliomba kikao na mama mkwe wake na baba mkwe, na mumewe alikuwa amerudi. Nikapiga magoti sebuleni nikasema, "Mama Zawadi ni mwanaume. Nilimwingiza mimi."

Mama mkwe akasema taratibu, "Mwanaume? Mwanangu mimi nilimlaza nje. Kumbe mwanaume mwingine alikuwa humu ndani na mkamwana wangu siku zote arobaini... na aliyemkaribisha ni dada mtu?"

Nikasema ndiyo.

Akaniambia niondoke nyumbani kwake kabla hajanivunjia heshima mbele ya mwanangu. Lakini kabla sijafika mlangoni nikamsikia anamgeukia Mwaju. "Na wewe... mimi nalala chumba cha pili. Hilo la mahindi ulishindwa nini kugonga ukuta?" Yule mama akajifunika uso kwa ushungi, akakaa hivyo.

Siku mbili baadaye Shabani alirudishwa. Lakini alikuwa amezoeshwa uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Mwaju alipomweka kifuani, mtoto aligeuza uso. Alijaribu wiki nzima, nesi wa zahanati akamsaidia, yakatoka matone... halafu yakakata. Shabani yuko hai, anakua, namshukuru Mungu. Ila kunyonya hakunyonya tena.

Uwani nako niliandika ukweli wote, sikuficha jina langu. Wengine walinitukana, wengine walitania kwa uchungu: "Msimamizi, Zawadi keshaota ndevu?" Wengi walitoka bila kusema kitu. Mama mmoja wa Lutindi aliandika kwamba naye alimweleza Mama Zawadi mambo ya ndoa yake, na sasa halali akisubiri siku atakapoyasikia kwenye tangazo. Simu ile niliirudisha ofisini kwao kwenye boksi lake, kana kwamba kurudisha boksi kunarudisha kitu.

Kina mama wenzangu, kuna watu kazi yao ni kukaa pembeni ya machozi yetu na kuyapigia hesabu. Hao wapo na wataendelea kuwapo. Lakini hawawezi kuingia mpaka mmoja wetu aseme anawajua. Usimdhamini mtu usiyemjua. Na ukishakosea, usingoje siku tisa! Sema siku hiyohiyo, hata kama utapigwa, kwa sababu kuna mtoto mahali fulani anasahau kunyonya wakati wewe unatafuta maneno mazuri.

Kila mwisho wa mwezi nakwenda Mkata. Zamani Mwaju alikuwa ananisikia tangu barabarani, anatoka mbio anaita, "Hadija wee, umeniletea nini?" Siku hizi ananikaribisha ndani, ananipa kiti, anambeba mwanangu na kumbusu. Kisha anainamisha kichwa na kuniamkia kwa adabu zote, kama anavyowaamkia wageni.

"Shikamoo, dada."

Nami naitikia, marahaba. Tunakaa.