Saa ya Ukutani Iliyokatazwa Kutembea

Hakuwa na simu. Hakuwa na saa ya mkono, wala kaka wa kumtania, wala dada wa kumsuka nywele. Subira ndiyo kabisa, hata ya kuazima hakuwa nayo. Alichokuwa nacho msichana huyu wa miaka kumi na miwili ni maswali, na kwa ajili ya maswali hayo wote walimwita Kwanini.

Likizo ile, kila asubuhi aliosha vyombo, akafagia ua, kisha akafuatana na shangazi yake kazini. Kutembea na shangazi kulikuwa burudani. Kwa miaka mingi shangazi alikuwa ameigiza mama wa kambo katili kwenye runinga, na watu hawakuwa wamesahau.

"Mama wa Kambo!" muuza matunda alipaza sauti. "Huyo mtoto umempa chai leo, au umemfungia stoo?"

"Nilimfungia, katoroka!" shangazi alijibu, na njia nzima ikacheka.

Hata hivyo, uso huo haukuonekana tena kwenye runinga. Shangazi sasa alikuwa mtayarishaji wa vipindi. Ndiye aliyetafuta hadithi, waigizaji, nyumba ya kurekodia, hata chakula cha mafundi.

"Shangazi, kwa nini uliacha kuigiza? Siku hizi hakuna anayekuona."

"Tazama kazi kwanza, jibu utalikuta humo humo. Ila usiguse kitu bila kuuliza."

Siku hiyo walirekodi katika sebule ya nyumba ya kukodi. Mwigizaji mmoja mzee, aliyesafiri kutoka mbali, alitakiwa kuigiza baba anayemuaga binti yake kwa machozi. Watu wote wakiwa bado uani, Kwanini aliona saa ya ukutani imesimama. Akaiteremsha. Haina betri! "Maskini, wamesahau," aliwaza. Amuulize nani, na wote wana shughuli? Akachomoa betri ya tochi yake ndogo, akaipachika, akairudisha saa ukutani. Mshale ukaanza kutembea, naye akajiona fundi.

Kwaheri ile ilirekodiwa mara nyingi: kamera ikiwa mlangoni, kisha karibu na kiti, kisha mbele ya uso wa mzee, mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mzee alilia hata fundi wa sauti akapangusa macho. Hakuna aliyeitazama saa. Jioni mzee akapanda basi kurudi kwao.

Kesho yake, Kwanini akitazama, mhariri wa picha aliviunganisha vipande vilivyorekodiwa. Alianza kwa kucheka, kisha akaacha.

"Mama, njoo uone. Mzee anasimama saa nne, anakohoa saa saba, anajifuta machozi saa tano! Kwaheri gani hii inayorudi nyuma?"

Shangazi akamgeukia fundi wa vifaa. "Saa ya kwenye picha hutolewa betri ili isitembee. Leo nikufundishe mimi?"

"Niliitoa, mama. Haki ya Mungu niliitoa."

"Basi ilijipachika yenyewe! Kipindi kinatoka Jumapili. Kosa ningelivumilia, uongo siuvumilii. Nipe funguo za stoo."

Fundi akaanza kuzichomoa funguo mkandani. Ndiye aliyekuwa akijibu maswali yote ya Kwanini bila kuchoka. Mtoto akazitazama zile funguo. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, huenda asikanyage tena pale.

"Ni mimi," alisema. "Niliweka betri ya tochi yangu. Nilidhani mmesahau."

Shangazi akawa mama wa kambo mtupu, macho makavu, midomo imebana. Kisha akashusha pumzi, akamgeukia fundi. "Nisamehe, ndugu yangu. Nimekuhukumu kabla ya kukusikiliza."

"Yameisha, mama," fundi alisema, akizirudisha funguo. "Kumbe saa yangu ilipata daktari!"

Shangazi akamketisha Kwanini. "Uliniuliza kwa nini niliacha kuigiza. Nilikuwa nikisimama pale mbele, natazama taa inayonimulika, najiuliza nani kaiwasha, na nani kaamua ikae pale. Nikawauliza mafundi, nikawabebea nyaya, mpaka nikaijua kazi nzima. Udadisi ndio ulionitoa mbele ya kamera, mwanangu, kwa hiyo wako siwezi kuukataza. Lakini mimi niliuliza kwanza, ndipo nikagusa. Na ukikosea, sema mapema. Ukweli ukichelewa, mzigo humwangukia asiye na kosa."

"Na yule babu?"

"Nitampigia simu aje Ijumaa, turudie. Kumwita ni kazi yangu. Kumwomba radhi ni kazi yako, tena kwa mwandiko wako."

Kwanini aliandika barua, akafuta, akaandika tena. Alieleza habari ya saa na betri bila kujitetea, akaomba radhi. Mwisho hakuweza kujizuia, akaongeza mstari: "Babu, yale machozi huwa unayatoa wapi?"

Shangazi aliisoma, akaguna, akamrudishia bila kufuta neno. Kwanini akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akaipaka gundi, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Jioni aliikabidhi kwa dereva wa basi liendalo kwao na yule mzee, na basi likaondoka nayo.