Tata Hénock Aandika Wasia Wake

Tata Hénock Ngoy hakuwa na gari. Hakuwa na diploma. Hakuwa na ndugu katika ofisi yoyote ya serikali. Hakuwa na meno mawili ya mbele, na goti lake la kushoto halikupenda ngazi. Tena kulikuwa na karatasi moja ambayo hakuwa nayo, na hakujua kwamba anaihitaji. Karatasi hiyo ni wasia. Hapa Kolwezi wengi huuita testama.

Alichokuwa nacho alikipata kwa jasho. Kwa miaka thelathini na moja aliendesha mashine ya kusaga mawe ya shaba. Kusoma na kuandika alijifunza akiwa na miaka arobaini, katika shule ya jioni ya parokia. Alikuwa akitoka kazini na kwenda darasani moja kwa moja, vumbi likiwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa na parsele, yaani kiwanja chake mwenyewe, nyumba ya matofali mbele na kinyumba cha vyumba viwili nyuma. Alikuwa na mke, mama Adolphine, na watoto wawili wakubwa, Gael na Marlène.

Na alikuwa na Glodie.

Glodie hakuzaliwa na mama Adolphine. Mama yake alikuwa dada mdogo wa tata Hénock, naye alifariki akijifungua. Mtoto aliletwa nyumbani akiwa na siku nne, amefungwa katika kitenge cha marehemu. Sasa ana miaka ishirini na sita. Anashona nguo katika kinyumba cha nyuma. Wanawake wanatoka hata Musonoi kumletea vitenge vyao.

Mwezi wa pili kulikuwa na kilio, yaani matanga, kwa jirani. Yaya René, kaka mkubwa wa tata Hénock, alikuja kutoka Lubudi. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Walipokuwa wanakula, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Hénock, siku utalala sawa huyu jirani yako, mi njo nitakuya kupanga bitu. Batoto bako babili, hakuna shida. Lakini Glodie atarudia kwa famii ya baba yake."

"Yaya, Glodie ni mutoto wangu."

"Ulimulea, tunakushukuru. Lakini kulea si kuzaa. Ile kinyumba ya nyuma tutapangisha."

Glodie alikuwa amesimama hapo na sahani ya bukari, ugali wa huku, mkononi. Aliiweka chini polepole, akaondoka. Siku iliyofuata wateja walikuta mlango wa kinyumba umefungwa. Mama Adolphine alienda kubisha.

"Glodie, mama, fungua. Batu banangoja robe zabo."

"Mama, mi niko mugeni hapa ao niko mutoto?" Glodie aliuliza kutoka ndani. "Niambieni tu. Kama niko mugeni, nianze kutafuta nafasi ingine."

Tata Hénock alisikia. Alivaa koti lake la Jumapili, akatoka.

Karibu na soko kulikuwa na kijana aliyeandika karatasi za watu kwa kompyuta, chini ya mwavuli mkubwa.

"Testama? Bila shida, tata! Mi nafanyaka kila karatasi," alisema kijana.

Aliandika ukurasa mzima kwa herufi nzuri. Akapiga mihuri miwili, mmoja mwekundu na mmoja wa bluu. Kisha akaifunga karatasi ndani ya plastiki ngumu ili mvua isiiharibu. Tata Hénock alifurahi sana. Aliitundika ukutani, kando ya picha ya ndoa yake, na Glodie akafungua tena mlango wa kinyumba.

Ilikaa hapo siku tisa. Siku ya kumi alikuja jirani yao, mama Mado, kupimwa blauzi. Mama Mado alifanya kazi mahakamani kwa miaka mingi, akiandika na kutunza majalada ya kesi. Alipoingia nyumba ya mbele kusalimu, alivaa miwani, akasogea ukutani, akasoma mpaka mwisho.

"Tata Hénock, iyi ni testama ao ni kalandari?"

"Mama Mado, usicheke! Ona mihuri."

"Mihuri naona. Sinyatire yako iko wapi?"

"Jina yangu iko pale chini."

"Ile jina iliandikwa na mashine. Na hata ukitaka kutia sinyatire sasa, biki itateleza juu ya plastiki!"

Mama Adolphine alicheka mpaka akashika ukuta. Tata Hénock hakucheka. Aliiteremsha karatasi, akaigeuza huku na huku.

"Sasa, iyi haina nguvu?"

"Mbele ya juji haina. Yaya yako ataifanya sahani ya kufunikia maji," alisema mama Mado. Kisha akaketi, akaacha mzaha. "Tafuta avoka. Lakini si kila avoka. Kuna wa mambo ya migodi, kuna wa aksida ya barabara. We unatafuta mwenye kuzoea mambo ya urithi. Uliza kama jina yake iko ku liste ya Baro, maana pale njo maavoka bote ba kweli banaandikwa. Uliza famii ngapi alisaidia. Usipate haya! Hata mbuzi unafunguaka kinywa yake mbele ya kununua."

Basi tata Hénock na mama Adolphine walienda kwa avoka, Metre Fidélie Tshiela. Huku kila wakili huitwa Metre. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili. Tata Hénock alipanda ngazi kwa kupumzika mara tatu. Alipoketi, hakungoja kuulizwa.

"Metre, utusamehe. Uko ku liste ya Baro? Na famii ngapi ulisaidia ju ya testama?"

Mama Adolphine aliangalia sakafu kwa aibu. Lakini Metre Fidélie alitabasamu.

"Laiti wote wangeuliza hivyo. Niko kwenye liste kwa miaka kumi na tisa. Kazi za urithi ndizo ninazofanya zaidi. Mwaka uliopita nilisaidia familia kumi na moja. Na malipo yangu nitayaandika kabla ya kuanza, ili nawe uyasome. Sasa niambie, tata, unaogopa nini?"

Tata Hénock alimweleza yote. Metre aliandika, akauliza, akaandika tena. Aliangalia karatasi za parsele na cheti cha ndoa.

"Mlifunga ndoa kwenye komini, mbele ya serikali. Vizuri sana," alisema. "Mama, cheti hiki ukitunze. Mke wa sheria ana haki zake katika nyumba. Shemeji hawezi kuja tu na kumtoa. Na watoto wenu wawili, sheria inawawekea sehemu kubwa ya mali, robo tatu. Hiyo tata hawezi kuwanyang'anya, hata akikasirika nao."

"Na Glodie?"

Metre aliweka kalamu chini. "Mbele ya sheria, Glodie ni mtoto wa dada yako. Usipoandika kitu, hapati kitu."

"Metre, mi nilimubeba ku mugongo huyu mutoto!"

"Ninakuamini, tata. Lakini juji hawezi kusoma mgongo wako. Anasoma karatasi. Unaweza kumwachia Glodie kinyumba, mradi thamani yake isipite kipimo cha sheria, ile robo iliyobaki. Ndiyo maana nitakuja kuona parsele kwa macho yangu. Nikimaliza hesabu, utaandika wasia wewe mwenyewe. Wote kwa mkono wako, kuanzia neno la kwanza. Utaweka tarehe, utatia sahihi."

Tata Hénock aliificha mikono yake chini ya meza.

"Mwandiko yangu ni ya shule ya jioni, Metre. Haiko muzuri. Njo maana nilienda kwa mwenye mashine."

"Sheria haiulizi kama mwandiko ni mzuri. Inauliza kama ni wako. Asiyejua kuandika huenda kwa notere, ofisa wa serikali anayethibitisha karatasi, akasema maneno yake mbele ya mashahidi. Wewe unajua. Kaka yako anaujua mwandiko wako?"

"Anaujua. Kila Noeli namuandikiaka."

"Basi hataweza kuukana."

Metre Fidélie alikuja Alhamisi. Alipima kinyumba kwa hatua, akaangalia nyumba kubwa, akafanya hesabu yake. Kinyumba hakikupita kipimo. Jumamosi tata Hénock aliketi mezani asubuhi. Mama Adolphine alizima redio. Gael, aliyekuja kutoka Musonoi anakochimba, aliegemea mlango.

"Gael, una shida na iyi?" baba yake aliuliza.

"Papa, nikikatala, nani atanishonea suruali?"

Tata Hénock aliharibu karatasi mbili. Ya tatu ilienda sawa. Aliandika polepole, akibonyeza biki kama anachonga ubao:

"Mimi, Ngoy Hénock, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, naandika wasia wangu. Kinyumba cha nyuma chenye vyumba viwili ninamwachia Glodie, binti wa dada yangu, niliyemlea tangu siku yake ya nne. Msimamizi wa wasia huu ni Marlène, binti yangu."

Alipoweka tarehe na kutia sahihi, jua lilikuwa limefika katikati. Alimwita Glodie asome. Glodie alisoma amesimama, halafu akasoma tena ameketi. Kisha alifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Tata, sasa nitaandika jina ku mulango," alisema.

Metre Fidélie alisoma wasia, hakupata kosa. Ukawekwa kwa notere, na tata Hénock akapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba umepokelewa. Ilipofika Jumatano, juu ya mlango wa kinyumba kulikuwa na ubao mpya wenye rangi ya kijani: KWA GLODIE, COUTURE. Mashine ilisikika mpaka barabarani.

Kazi moja ilibaki. "Usimfiche kaka yako," Metre alikuwa amesema. "Wasia unaojulikana mapema hupunguza ugomvi kwenye kilio."

Tata Hénock akaandika barua:

"Yaya René, ninakusalimu. Nimeandika wasia kwa msaada wa avoka. Uko kwa notere. Adolphine atakaa katika nyumba yake. Gael na Marlène wana sehemu yao. Kinyumba ni cha Glodie. Nimekuandikia nikiwa mzima ili uisikie habari hii kwangu. Pasaka uje tule pamoja. Glodie anataka kukupima koti. Ndugu yako, Hénock."

Alikunja barua mara tatu, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi na kuibonyeza kwa kiganja mpaka ikashika. Kwenye maegesho, dereva Muamba alikuwa anafunga mizigo ya kwenda Lubudi.

"Mu mukono ya yaya René mwenyewe," alisema tata Hénock. "Si ya mutu mwingine."

Muamba aliitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akawasha gari.